Fundo bandia la SARS-CoV-2 halionekani kwenye RNAfold, na asilimia za kuteleza hazilingani: tatizo liko wapi?

nyota_maabara

Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wanaofanyia kazi RNA za virusi.

Jenomu ya SARS-CoV-2 ni uzi mmoja chanya wenye nyukleotidi 29,903, una kofia mwisho wa 5′ na mkia wa poli-A mwisho wa 3′, kwa hiyo ribosomu huanza kuusoma mara tu unapoingia kwenye seli. Hapo sina shida. Ninapokwama ni kwenye miundo. Tunafundishwa kwamba karibu na nafasi ya 13,468 kuna fundo bandia linaloifanya ribosomu irudi nyuma herufi moja. Kipande cha herufi 90 hivi kuanzia 13,462 kikiwekwa kwenye RNAfold, programu ya kutabiri jinsi RNA inavyojikunja, kinatoa mashina (herufi zilizooana) na vitanzi (herufi zilizobaki wazi kichwani mwa shina) vya kawaida tu, fundo hakuna. Kikirefushwa hadi herufi 280 hivi kwa kuongeza upande wa kushoto, hata shina la kwanza linavunjika na mkono wake unaoana na mahali pengine. Tuamini picha ipi?

La pili, ripoti za kuteleza kwa ribosomu (huko kurudi nyuma herufi moja) zinatofautiana mno. Kuna zinazosema asilimia 20, kuna zinazopita 50. Tunapanga kupima kwa lusiferasi mbili, vimeng'enya vinavyotoa mwanga (Renilla na Firefly). Ni nini kinachoharibu namba?

La tatu, kwa mwenye muda: mashina-vitanzi SL1 hadi SL5 kule mwanzoni, na ile miundo ya 3′, zinaingiaje kwenye kuzaliana kwa kirusi? Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili RNA, si inasoma herufi tu?

fundi_RNA

Karibu mkuu. Nianze na fundo bandia, maana swali lako la kwanza na la pili chanzo chake ni kimoja: umbo la RNA hutegemea umekata kipande wapi na RNA iko katika hali gani wakati unaipima.

RNAfold haiwezi kukuonyesha fundo bandia hata ungeipa mfuatano sahihi kiasi gani. Hesabu yake inakubali mashina yaliyokaa pembeni ya mengine au ndani ya mengine, basi. Fundo bandia ni pale herufi za ndani ya kitanzi zinapotoka nje na kuoana na herufi zilizo mbele zaidi, mistari ikapishana. Mpishano huo hauruhusiwi kwenye hesabu hiyo tangu mwanzo. Tumia ShapeKnots iliyomo kwenye RNAstructure, au pKiss, au IPknot. Kumbuka pia kwamba nishati zinazotumiwa na programu hizi zilipimwa kwenye chumvi ya moli 1 kwa nyuzi 37, bila magnesiamu, ilhali fundo hili linapenda magnesiamu. Tofauti ya kilokalori 2 au 3 kati ya picha mbili usiichukulie kuwa ushindi wa picha moja.

Sasa tuangalie eneo lenyewe kwa herufi zake. Mfuatano wa kuteleza ni UUUAAAC, nafasi 13,462 hadi 13,468. Ukisoma kwa fremu (mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu, yaani kodoni) ya ORF1a, jeni kubwa la kwanza, kuanzia kwenye mfuatano huo na kwenda mbele unapata:

UUA AAC GGG UUU GCG GUG UAA

yaani L, N, G, F, A, V, halafu kodoni ya kusimama. Ile UAA iko 13,481 hadi 13,483, kodoni ya tano baada ya AAC. Ribosomu isiyoteleza inaishia hapo, na kinachobaki mwishoni mwa protini ndefu ya ORF1a ni nsp11, kipande kidogo cha amino asidi 13: SADAQSFLNGFAV.

Ribosomu ikiteleza, tRNA mbili zilizokaa juu ya UUA na AAC zinarudi nyuma herufi moja na kushika UUU na AAA. C ya 13,468 inasomwa mara ya pili, safari hii kama mwanzo wa kodoni mpya:

CGG GUU UGC GGU GUA AGU

Hapo protini inaendelea FLNRVCGVS, na huo ndio mwanzo wa nsp12, polimerasi yenyewe. Kwa hiyo nsp12 hadi nsp16 zote, pamoja na helikasi nsp13 na msahihishaji nsp14, hupatikana kwa ribosomu zilizoteleza tu. Bila kuteleza hakuna polimerasi, na bila polimerasi hakuna nakala hata moja. Ikiteleza kupita kiasi nako kuna hasara, kwa sababu uwiano wa protini za ORF1a na za ORF1b (sehemu inayosomwa baada ya kuteleza) unavurugika. Virusi vya SARS vya mwaka 2003 vilivyobadilishwa eneo hili kwenye maabara vilipoteza uwezo wa kutengeneza RNA zao na kuambukiza.

Kuteleza huku kuligunduliwa kwanza kwenye kirusi cha mkamba wa kuku, IBV, mwaka 1987. Fundo la IBV lina mashina mawili. La SARS na SARS-CoV-2 lina mashina matatu, na kati ya virusi hivi viwili kuna tofauti ya herufi moja tu ndani ya fundo zima. Shina la kwanza ni GGUGUAAG ikioana na CUUACACC. Kitanzi chake kina AGCCC, nayo inakwenda kukutana na GGGCU iliyo mbele kabisa, na hilo ndilo shina la pili. Shina la tatu limekaa katikati yao. Kwa kuwa GGGCU iko mbali namna hiyo, ukikata kipande mapema umekata mkono wa shina la pili. Baada ya UUUAAAC hakikisha una herufi zisizopungua 80, ukizidisha ni salama zaidi.

Swali la "ipi sahihi" lina jibu ambalo wengi hawalipendi: zote mbili zinaweza kuwepo. Vipande vifupi, vya herufi 77 hadi 90 hivi, hukunjika kuwa fundo, na umbo hilo limeonekana kwa kristali na kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali. Hata hapo kuna aina mbili: katika moja uzi wa 5′ umepenya kwenye pete iliyo katikati ya mashina, katika nyingine haukupenya. Vipande virefu, na jenomu nzima ndani ya seli zilizoambukizwa, vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya RNA imeunganisha mkono wa kushoto wa shina la kwanza na herufi zilizo nyuma (upande wa 5′) ya mfuatano wa kuteleza. Hicho ndicho unachokiona ukirefusha kushoto. Vipimo vya kuunganisha RNA kwa RNA ndani ya seli vimeonyesha hadi tao la karibu herufi 1,500 linalolizunguka eneo hili.

Umbo hilo jingine likifika mbele ya ribosomu linafumuliwa, kwa sababu herufi za nyuma zinaingia kwenye ribosomu kwanza. Mkono wa shina la kwanza unabaki huru, na fundo linapata nafasi ya kujikunja wakati ribosomu inakaribia UUUAAAC. Ndiyo maana mimi siyaoni maumbo haya mawili kama wapinzani. Moja ni la RNA iliyotulia, jingine ni la RNA inayosomwa.

mwl_seli

Fundi kamaliza la fundo, mimi nichukue la tatu. Hoja ya "polimerasi inasoma herufi tu" ni kweli kwa hatua ya kuongeza nyukleotidi moja baada ya nyingine. Lakini nani atasomwa kwanza, wapi polimerasi itaruka, na nani atapata ribosomu, hayo yanaamuliwa kwa kiasi kikubwa na maumbo.

Eneo la mwanzo la 5′ lina herufi 265 kabla ya AUG (kodoni ya kuanzia) ya ORF1a. SL1 iko takriban 7 hadi 33, SL2 45 hadi 59, SL3 61 hadi 75, SL4 84 hadi 127, na SL5 inaanza 150 na kuvuka AUG hadi 294 hivi. Yaani AUG ya 266 imefungwa ndani ya shina la SL5, lazima ifunguliwe na mitambo ya kuanzisha usomaji. Juu ya SL5a na SL5b kuna kitanzi kilekile cha UUUCGU, na juu ya SL5c kuna GAAA. Ndani ya SL4 kuna AUG nyingine, nafasi ya 107, yenye fremu fupi ya amino asidi tisa tu. Ukitengeneza ripota (mRNA ya majaribio yenye lusiferasi) yenye 5′ nzima usiisahau hiyo, maana baadhi ya ribosomu zinaanzia pale.

SL1 ndiyo ya kuelewa kwa undani. Nsp1 ni protini ya kwanza kabisa kukatwa kutoka kwenye ORF1a, na mkia wake unaingia kwenye mfereji wa mRNA wa sehemu ndogo ya ribosomu, 40S, na kuuziba. mRNA za seli zinakosa njia. mRNA za kirusi zinaendelea kusomwa kwa sababu zina SL1 mwanzoni. Ukiondoa SL1 kwenye ripota, kinga inapotea na mRNA inazimwa kama za seli. Ukibadilisha K164 na H165 kwenye Nsp1, uzibaji unaisha. Angalizo: kinga ya SL1 ni ya kiasi, haikamiliki. Ukimwaga Nsp1 nyingi mno kwenye mchanganyiko hata mRNA ya kirusi inashuka, na mtu anaweza kuhitimisha kimakosa kwamba SL1 haifanyi kazi. Pima kwa viwango kadhaa vya Nsp1, uanzie chini.

Sasa unganisha na kunakili. Polimerasi inaanzia mwisho wa 3′ na kutengeneza uzi hasi. Kabla ya kila jeni la upande wa kulia (S, 3a, E, M, N na wenzao) kuna alama ya herufi sita, ACGAAC. Polimerasi ikifika hapo ina njia mbili: iendelee moja kwa moja, au isimame na kuruka hadi ACGAAC iliyo kwenye kiongozi (kipande cha mwanzo kabisa cha jenomu), nafasi ya 70 hadi 75, ndani ya SL3. Kinachofanya mruko uwezekane ni kwamba uzi hasi uliokwisha kuandikwa unaishia na GUUCGU kwa kuusoma 5′ kwenda 3′, nayo inaoana sawasawa na ACGAAC ya kiongozi. Baada ya kutua inamalizia kunakili herufi zile 70 na ushee za mwanzo. Uzi hasi huu mfupi ndio unaozalisha mRNA ndogo za jenomu.

Matokeo yake ni kwamba kila mRNA ndogo, iwe ya S au ya N, inaanza na kiongozi yuleyule, kwa hiyo inaanza na SL1 na SL2. Kirusi hakihitaji kuandika kinga dhidi ya Nsp1 kabla ya kila jeni. Binafsi naona huu ndio mpangilio unaovutia kuliko yote kwenye jenomu hii: muundo mmoja wa herufi zisizofika 30 unatumika kwenye usomaji, na mruko wa polimerasi ndio unaousambaza.

SL3 yenyewe ni dhaifu, na kwa korona nyingi nyingine haitabiriwi kabisa. Usijenge nadharia nzito juu yake. SL2 ni kinyume chake: kitanzi chake cha CUUGU ni kati ya vitu vilivyohifadhiwa kuliko vyote kwenye 5′ ya korona. Kwenye kirusi cha homa ya ini ya panya, MHV, kulivunja shina la SL2 kunazuia RNA ndogo zisitengenezwe, na kulirudisha kwa herufi tofauti zinazooana kunarudisha uhai wa kirusi. Jaribio la namna hiyo ndilo la kuaminika: vunja kushoto, vunja kulia, kisha vunja pande zote mbili kwa namna ambayo zinaoana tena. Kama mabadiliko ya pande mbili hayarudishi kazi, tatizo lilikuwa ni herufi, si umbo.

nyota_maabara

Asanteni sana, imeeleweka. Fundi, naomba urudi kwenye asilimia. Tumefikiria plasmidi yenye Renilla mwanzoni, kipande cha kirusi katikati, Firefly mwishoni kwenye fremu ya −1, tuiingize kwenye seli za binadamu za HEK293T na kusoma baada ya saa 24. Udhibiti tuupange vipi?

fundi_RNA

Mpango ni mzuri ila kwenye plasmidi kuna mitego mitatu, na yote mitatu inapandisha au kushusha namba bila ribosomu yoyote kuteleza.

Kwanza, RNA inayotoka kwenye plasmidi inapita kwenye kiini cha seli. Kipande cha kirusi hakijazoea kiini, na kinaweza kuwa na mahali panapofanana na alama za kukata na kuunganisha mRNA. Herufi kadhaa zikiondolewa, Firefly inaingia kwenye fremu ya Renilla na unapata mwanga wa bure. Pili, kipande kinaweza kufanya kazi kama promota dhaifu na kutoa mRNA ya Firefly peke yake. Kipimo chake ni rahisi: toa promota kuu kwenye plasmidi, uone kama Firefly inabaki. Tatu, protini ndefu ya Renilla-kirusi-Firefly inaweza kuwa na mwanga au uhai tofauti na Renilla pekee. Weka mfuatano wa 2A kila upande wa kipande ili lusiferasi zitoke zikiwa huru.

Njia inayoepuka mitego miwili ya mwanzo ni kuandika mRNA kwa polimerasi ya T7 nje ya seli, kuiwekea kofia na mkia wa poli-A, kisha kuiingiza moja kwa moja kwenye seli na kusoma baada ya saa 6 hadi 8. Haipiti kwenye kiini. Ukitumia mchanganyiko wa retikulosaiti za sungura (wa kusomea mRNA nje ya seli), weka kwa nyuzi 30, soma kabla kazi haijaanza kuchoka, na usibadilishe magnesiamu wala potasiamu kati ya sampuli. Fundo linahisi chumvi, na kuteleza kunafuata.

Udhibiti uwe wa aina mbili. Wa chini: vunja mfuatano wa kuteleza, mfano UUUAAAC iwe CCUCAAC. Kwenye fremu ya kawaida bado inasomeka CUC AAC, lakini tRNA ya CUC ikirudi nyuma inakutana na CCU na haishiki. Fundo usiliguse. Wa juu, yaani asilimia 100: chukua huo uliovunjwa, ongeza herufi moja ili Firefly iingie kwenye fremu ya Renilla. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Herufi hiyo lazima iongezwe mara tu baada ya mfuatano wa kuteleza, kabla ya ile UAA ya 13,481. Ukiiongeza mwishoni mwa kipande, kwenye kiungo cha Firefly kwa urahisi wa kukata na kubandika, ribosomu zote zinaisoma UAA na kusimama. Udhibiti wako wa juu unakuwa karibu sifuri, na sampuli ya kawaida inaonekana kuteleza zaidi ya asilimia 100.

Hesabu: gawanya Firefly kwa Renilla kwa kila sampuli, ondoa ile ya udhibiti wa chini kwenye sampuli na kwenye udhibiti wa juu, kisha gawanya sampuli kwa udhibiti wa juu. Sampuli ikiwa 0.43, udhibiti wa chini 0.01 na wa juu 1.69, ni 0.42 kwa 1.68, yaani asilimia 25. Usisome Firefly peke yake hata siku moja. Dawa inayopunguza usomaji wote itaonekana kama inazuia kuteleza.

Kuhusu tofauti ya 20 na 50: ripota nyingi zinatoa kati ya asilimia 15 na 35. Kuhesabu nyayo za ribosomu (vipande vya mRNA vilivyofunikwa na ribosomu) kwenye seli zilizoambukizwa kumetoa wastani wa asilimia 57 hivi. Sababu ziko kadhaa na zinafanya kazi pamoja. Kipande cha ripota ni kifupi, na vipande virefu zaidi vimeonyesha kuteleza kwingi zaidi. Nyuma tu ya UUUAAAC (upande wa 5′) kuna shina-kitanzi linalopunguza kuteleza, hivyo matokeo yanategemea umelichukua au umeliacha. Hata kodoni ya kusimama ina mchango: ribosomu isiyoteleza inaishia kwenye UAA kabla haijalifumua fundo lote, kwa hiyo inayofuata nyuma yake inalikuta bado limekunjika. Ukiihamisha UAA mbele, kuteleza kunashuka. Na nyayo za ribosomu nazo zinadhani kasi ya usomaji ni sawa pande zote mbili, jambo ambalo si lazima liwe hivyo. Ripoti asilimia yako pamoja na nafasi kamili za kipande, la sivyo namba hiyo haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

bahari_kuu

Naongezea kidogo hapo. Kama miundo hii imehifadhiwa kiasi hiki, si ndiyo iwe lengo la kwanza la dawa? Protini za miiba zinabadilika kila msimu. Mfano mzuri ni ile s2m ya upande wa 3′, herufi 41, ipo SARS, ipo SARS-CoV-2, ipo IBV, hadi kwenye astrovirusi ambazo si korona kabisa. Muundo wake wa kristali umejulikana tangu 2005. Kitu kilichovuka familia nzima ya virusi hakiwezi kuwa cha bure.

mwl_seli

Bahari, kwa s2m ushahidi umekwenda upande mwingine. Omicron BA.2 na vizazi vyake wamepoteza herufi 26 ndani yake, nafasi 29,734 hadi 29,759, na walisambaa duniani kote bila shida. Virusi vilivyoondolewa s2m kwa makusudi maabara navyo vilikua kama kawaida, kwenye seli na kwa wanyama wa hamsta. Kuhifadhiwa kwa mfuatano ni dalili inayostahili kufuatiliwa, lakini hakuthibitishi kwamba kirusi kinauhitaji.

Linganisha na jirani zake wa 3′. Mara baada ya kodoni ya kusimama ya N kuna shina lenye uvimbe, na mbele yake fundo bandia. Chini ya shina hilo na mkono wa fundo wanagombania herufi zilezile, hivyo haviwezi kukamilika kwa wakati mmoja. Kwenye MHV vyote viwili vinahitajika, na wazo lililopo ni kwamba ni swichi ya kuanzisha uzi hasi. Lakini kwenye SARS-CoV-2, vipimo ndani ya seli vinaliona shina lenye uvimbe waziwazi, na fundo halionekani au linaonekana kidogo sana. Kama lipo, ni la muda mfupi. Mbele zaidi kuna eneo linalobadilikabadilika, ndani yake herufi nane GGAAGAGC zilizohifadhiwa kwenye korona zote. MHV ikiondolewa eneo hilo lote inakua kwenye seli, ila kwa panya inadhoofika sana. Kwa hiyo hata neno "haihitajiki" liseme haihitajiki wapi.

Malengo yenye ushahidi bora ni mawili. SL1: vipande vya kinyume (nyuzi fupi zinazooana na RNA ya kirusi) vya aina ya LNA vinavyoishika vimepunguza kirusi kwenye seli na kuwakinga panya waliowekewa ACE2 (kipokezi cha kirusi) ya binadamu. Na fundo la kuteleza: merafloxacin inapunguza kuteleza kwa SARS-CoV-2 na betakorona wengine, na inazuia kirusi kukua kwenye seli za nyani za Vero E6. Hiyo ni hatua ya maabara. Tiba ni safari nyingine.

fundi_RNA

Nyota, jambo la mwisho kwa upande wangu: msitegemee programu peke yake kwa kipande chenu, kipimeni kwa DMS (dimethili salfeti, kemikali inayoweka alama kwenye herufi zisizooana). Kipimo hiki hakihitaji kirusi hai, T7 na DNA ya kutengenezwa vinatosha.

Pasha RNA nyuzi 95 kwa dakika moja, weka kwenye barafu, kisha iache ijikunje kwa nyuzi 37 dakika 20 hadi 30 ndani ya bafa ya kakodileti ya sodiamu milimola 300 hadi 400 yenye magnesiamu milimola 6. Ongeza DMS asilimia 2, dakika 5 kwa nyuzi 37, kisha zima kwa beta-mekaptoethanoli nyingi. DMS inaua na inapenya ngozi, kakodileti ina aseniki: kazi yote ndani ya kabati la kuvuta hewa, na taka zake zitengwe.

DMS inashika A na C zisizooana. G na U haziongei kwenye kipimo hiki, kwa hiyo shina lenye G-U nyingi litakuwa na data chache. Nakili RNA kuwa DNA kwa kimeng'enya cha TGIRT-III, au kwa SuperScript II yenye manganisi badala ya magnesiamu, ili kimeng'enya kipite kwenye alama na kuacha kosa badala ya kusimama. Daima weka sampuli isiyotiwa DMS, maana manganisi peke yake inaongeza makosa.

Tatizo ninalotaka mliepuke ni la praima, kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili huo. Herufi 20 hadi 25 zinazoshikwa na praima hazina data kabisa. Kama kipande kinaishia mara tu baada ya fundo, praima inakaa juu ya GGGCU, ule mkono wa shina la pili, na mtabaki na data ya mkono mmoja tu. Ongezeni herufi 30 au zaidi za ziada mwishoni, zisizooana na fundo.

Tatizo jingine ni wastani. Kama nusu ya molekuli ni fundo na nusu ni lile shina jingine, grafu itaonyesha kitu cha katikati ambacho hakipo popote. Mkiwa na makumi ya maelfu ya visomo virefu vinavyofunika eneo lote kwa pamoja, mnaweza kuvitenganisha kwa makundi kwa programu kama DREEM. Visomo vifupi vilivyokatwa vipande haviwezi kusaidia hapo, kwa sababu alama mbili lazima zionekane kwenye molekuli moja.

Pimeni urefu wa aina mbili sambamba: herufi 90 na herufi 280. Mkiona zile A mbili za mkono wa kushoto wa shina la kwanza zimefungwa kwenye vyote viwili, lakini AGCCC ya kitanzi imefunguka kwenye kirefu tu, mnaliona lile umbo mbadala.

nyota_maabara

Nimeelewa, mkuu. Tutaagiza vyote viwili, 90 na 280, tukirefusha upande wa 3′ kwa ajili ya praima. Swali dogo: kwenye kirefu tuliache lile shina-kitanzi linalopunguza kuteleza?

fundi_RNA

Liacheni. Kisha tengenezeni toleo la tatu la lusiferasi ambalo shina hilo tu limevunjwa kwa herufi zisizobadilisha amino asidi, mlinganishe. Liko nyuma ya UUUAAAC moja kwa moja, kwa hiyo hakikisheni mabadiliko hayo hayaigusi ile U ya kwanza ya 13,462.